Jina Ambalo Baba Alilipiga Marufuku

Kunguni walituachia alfajiri, baada ya kushiba. Hapo ndipo niliponyamaza wiki iliyopita.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Tauqir, muuza nguo wa mji wa Bhakkar, na hii ni habari ya siku tatu nilizompeleka mke wangu, Shagufta, kutembea Lahore. Miaka tisa ya ndoa hatukuwahi kwenda popote wawili peke yetu. Mtoto wetu Faraz tulimwacha kwa mama yangu. Siku ya kwanza tuliona ngome, tukaona msikiti mkubwa, tukala samaki wa kukaanga aliyemharibu Shagufta tumbo, tukalala kwenye nyumba ya wageni ambayo shuka lake lilikuwa na nywele za mtu mwingine.

Hiyo ndiyo ilikuwa siku nzuri.

Sasa siku ya pili, Jumapili. Mimi nilitaka bustani za Shalimar. Shagufta akataka bustani ya wanyama.

"Mama Faraz, umetoka Bhakkar yote kuja kutazama nyani?"

"Nyani nimeshamzoea," akasema, akinitazama usoni. "Nataka simba. Na tufike saa nane kamili."

"Simba naye ana miadi?"

"Analishwa saa nane."

"Nani kakwambia?"

"Watu."

Sikuuliza zaidi. Mwanamume akishafuatwa na mke miaka tisa, hudhani kila swali la mke ni la kipuuzi na kila jibu lake ni la hivihivi. Huo nao ni ujinga ninaoungama.

Kabla hatujatoka, Mama akapiga simu.

"Mmekula? Faraz hajambo, kavunja kikombe tu. Baba yenu kapiga jana. Yuko milimani huko Chitral, anasema theluji imemfika magotini. Na soksi zake ni zilezile nyembamba! Mwombeeni baba yenu, wanangu."

"Tutamwombea, Mama."

Baba yangu ni Mwalimu Inayatullah. Miaka ishirini na mitatu alikuwa mkuu wa shule ya wavulana ya mji wetu. Akipita sokoni watu hushusha sauti. Tangu astaafu, kila majira ya baridi huaga akaenda kuhubiri siku arobaini katika milima ya kaskazini. Mama humfungia mkate mkavu na samli, humbusu begani, kisha huhesabu siku.

Tulifika saa saba na nusu. Bustani ilikuwa imefurika. Watu wametandika shuka kwenye nyasi, wanamenya machungwa, wanatema mbegu popote. Harufu ya mkojo wa simba ilikuwa imechanganyikana na mafuta ya kukaangia. Nikajifunika pua kwa shali. Shagufta alikuwa mbele yangu, anageuza shingo huku na huko kama mtu aliyepotelewa na mtoto.

Ndipo nikasikia sauti ya mwanamke nyuma yangu.

"Tehmina! We Tehmina, shuka hapo!"

Shali ikanidondoka puani.

Niwaambie jina hilo lina nini. Tehmina ni dada yangu, mdogo wangu wa pekee. Miaka sita iliyopita alisimama mbele ya Baba akasema ataolewa na Junaid, mpiga picha za eksirei wa hospitali, kijana wa ukoo wa wafumaji. Sisi ni watu wa mashamba, na kwetu mfumaji huhesabiwa mtu wa chini. Baba hakumpiga. Alisema tu, "Kuanzia leo jina la huyu halitatamkwa chini ya paa hili." Kisha akaniamuru nimtoe.

Nilimtoa. Ilikuwa mchana, mvua inanyesha. Nilirusha nguo zake nje, nikasukuma komeo, nikasimama nyuma ya mlango nimelishika kwa mikono miwili.

Alibisha. "Kaka, nifungulie. Kaka Tauqir, nalowa."

Mama alikuwa jikoni, amejiziba mdomo kwa mtandio wake. Sikufungua. Majirani walinisifu wiki nzima. Nilizipenda sifa zile. Hata sasa nikizikumbuka kuna mahali ndani yangu panapata joto, na mahali hapo ndipo ninapotaka kupakwangua kwa kisu.

Tangu siku hiyo Mama akitaka kumtaja binti yake husema "yule wa mvua". Jina lenyewe sikulisikia kinywani mwa mtu yeyote kwa miaka sita.

Nikageuka. Hakuwa dada yangu. Alikuwa kitoto cha kike cha miaka mitano hivi, kimepanda chuma cha uzio wa simba. Mkono wa mwanamume ukakidaka kiunoni na kukishusha chini. Mkono wenye pete ya jiwe la feruzi.

Mkono ule nimeubusu kila asubuhi ya Idi tangu nikiwa mtoto.

Nikapandisha macho. Baba. Mwalimu Inayatullah wa theluji ya magotini, amesimama kwenye jua la Lahore, amevaa kizibao kipya. Nyumbani ndevu zake ni nyekundu kwa hina. Hapa alikuwa amezipaka piko, nyeusi kama kiwi ya viatu. Mkono wa pili ameshika sahani ya golgapa, vile vidude vya unga vya kukaanga vinavyojazwa maji ya ukwaju.

Baba aliyetufundisha kwamba anayekula amesimama anakula na shetani.

Akakitia kimoja kizima mdomoni. Kikapasuka. Maji ya ukwaju yakamchuruzika ndevuni, yakachanganyika na piko, yakadondoka meusi kwenye ukosi mweupe wa kanzu. Mwanamke aliyekuwa kando yake, wa miaka thelathini na kitu, akamfuta kidevu kwa ncha ya mtandio wake, anacheka.

"Mwalimu, unakula kama mtoto!"

Naye akacheka. Sijawahi kumwona baba yangu akicheka mdomo wazi. Ana pengo upande wa kushoto. Sikulijua.

Shagufta alinikaba mkono. Alinong'ona maneno ambayo wakati huo sikuyaelewa.

"Siye huyu. Mungu wangu, siye huyu."

Baba akatuona.

Nilingoja sahani imdondoke. Nilingoja uso ubadilike. Hakuna. Alitafuna, akameza, akafuta vidole, akatabasamu tabasamu la siku ya kugawa zawadi shuleni.

"Kausar, njoo uone bahati. Huyu alikuwa mwanafunzi wangu kule Bhakkar. Tauqir... Tauqir, kama sijakosea jina?"

Kama sijakosea jina!

Hapo ndugu wasomaji mtaniuliza: ukamrukia? Ukamtemea? Ukamwambia huyo mwanamke mimi ni damu yake?

Niliinamisha kichwa. Nikasema, "Asalaam aleikum, Mwalimu. Hujakosea."

Sauti ilinitoka laini, yenye adabu, ya kijana aliyeitwa ofisini. Nilimsikia Shagufta akivuta pumzi. Sikuthubutu kumtazama.

Yule mwanamke, Kausar, alikuwa mwema. Hilo liliniudhi kuliko yote. Nilitaka awe na macho ya hila, nimchukie nipumue. Alitukalisha kwenye shuka lake, akamenya chungwa, akampa Shagufta vipande vyenye chumvi.

"Kuleni, jamani. Mwalimu hajawahi kunionyesha hata rafiki mmoja wa kwao. Tangu marehemu mkewe afariki, kule amekata mguu; miezi mingine yote huwa yuko milimani akihubiri."

"Marehemu mkewe," nikasema.

"Mungu amrehemu. Hapendi kumzungumzia. Mwezi ujao tunatimiza miaka saba ya ndoa na mpaka leo sijui hata alikuwa na sura gani."

Marehemu huyo saa tatu asubuhi alikuwa anasikitikia soksi za mumewe.

Kisha ile saba ikaniingia. Miaka saba. Dada yangu tulimtoa miaka sita iliyopita. Maana yake siku ile ya mvua, mzee yule aliyetetemeka kwa ghadhabu kwa sababu binti yake amempenda mtu, alikuwa mwenyewe ana mwaka mzima wa ndoa ya maficho. Mkuki kwa nguruwe.

Kale katoto kakanisogelea. Kakatoa pipi mdomoni, imefyonzwa nusu, inang'aa mate, kakaniwekea kiganjani.

"Mjomba, chukua. Mimi nimeshiba."

Kalikuwa na mwanya wa dada yangu katikati ya meno ya mbele. Kidevu cha dada yangu. Kananiita mjomba, nami ni kaka yake wa baba mmoja. Ile pipi ilininata mkononi na sikujua niipeleke wapi.

Nikasimama.

"Mwalimu, nina swali moja la masomo."

"Twende tutembee, kijana," Baba akasema.

Vizimba vya nyani viko hatua chache tu kutoka kwa simba. Tulisimama hapo, panaponuka kuliko kote, na mara tu migongo yetu ilipomgeukia Kausar, uso wa Baba ukarudi ule wa Bhakkar.

"Usinitazame hivyo. Nimeoa. Sikuzini."

"Mama amekuwa marehemu tangu lini?"

"Punguza sauti."

"Tangu lini, Baba? Alikufa kwa ugonjwa gani? Maana asubuhi hii nimezungumza naye, hakuonyesha dalili."

"Kausar asingekubali uke wenza. Ilibidi."

"Na theluji ya Chitral? Ilibidi? Na piko?"

"Mama yako ana moyo mbovu. Ukimwambia atakufa kweli, na damu yake itakuwa juu yako."

Ona alivyougeuza mzigo. Alikuwa ametenda yeye, nami ndiye nitakayekuwa muuaji. Kwa ufundi huo aliongoza shule miaka ishirini na mitatu.

"Na mtoto?" nikauliza. "Majina yameisha Pakistani nzima? Umemwita Tehmina?"

Hapo ndipo kitu kilipomgusa. Akashika wavu wa kizimba. Nyani mmoja akaja kumnusa pete.

"Alipozaliwa," akasema, "niliulizwa aitwe nani. Nilifungua mdomo kusema jina la mama yangu. Likatoka hilo."

"Jina ulilolipiga marufuku."

"Nililipiga marufuku kule. Hapa nalitamka mara mia kwa siku."

Alikuwa na machozi. Machozi ya kweli. Na kwa kitambo kidogo nilitaka kumwonea huruma, Mungu anajua. Kisha nikaona tone jeusi bado linaning'inia kwenye ncha ya ndevu zake, na nikamkumbuka Mama akisema "yule wa mvua" kwa sauti ya mtu anayeficha chakula. Nikageukia mfereji wa maji machafu, nikatapika chungwa la Kausar lote. Nyani wakapiga kelele. Watoto waliokuwa karibu wakashangilia.

Nilipoinuka nikasema, "Namwambia Mama. Leo hii."

Baba alikuwa ameshakausha macho.

"Mwambie. Kisha mimi nitamwambia nani alichana barua."

Sijawahi kuandika habari hii katika sehemu zote zilizotangulia, na sikukusudia kuiandika. Lakini mmenifuata hadi hapa.

Mwaka mmoja baada ya siku ya mvua, barua zilianza kufika dukani kwangu. Tatu, kwa miezi minane. Zilikuwa za Tehmina, zimeandikwa jina la Mama. Alizituma dukani kwa sababu aliniamini. Baada ya mlango ule, bado aliniamini. Nilizichana zote tatu bila kuzifungua, nikazitia kwenye moto wa kuota mikono. Nilijiambia nalinda heshima ya Baba. Uongo. Niliogopa siku atakaporudi, asimame mlangoni, na Mama anitazame mimi.

"Ulijuaje?" nikamuuliza Baba.

"Tarishi alikuwa mwanafunzi wangu. Miaka yote hii nimekusitiri. Hata mwandishi mwenyewe nilimwambia ni mtu mwingine aliyezi..."

Akauma ulimi. Alikuwa amechelewa.

"Mwandishi mwenyewe? Umeonana na Tehmina?"

Sauti ikatoka nyuma yangu.

"Barua gani, Baba Faraz?"

Shagufta. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini, mkono mmoja kwenye tumbo lake bovu.

"Barua gani ulizichana?"

"Mama Faraz, si hapa."

"Mwaka mzima," akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mwaka mzima nazungumza na wifi yangu kwenye simu. Alipiga dukani siku moja ukiwa umekwenda kuswali, nikapokea mimi. Mwaka mzima namwambia, kaka yako amelainika, kaka yako anajuta, kaka yako akikuona atalia. Nimekuleta Lahore uonane naye. Ulidhani nimekuja kutazama ngome? Nimelala na kunguni kwa ajili ya leo."

"Saa nane kwa simba," nikasema.

"Saa nane kwa simba. Yeye ndiye aliyechagua mahali. Ila huyu," akamwonyesha baba mkwe wake kwa kidevu, kitu ambacho hajawahi kukifanya maishani, "wifi hakuniambia kwamba naye atakuwepo."

Hatukupata muda wa kusema zaidi. Kutoka upande wa simba kale katoto kakapiga ukelele wa furaha.

"Tehmina Mkubwa! Tehmina Mkubwa kaja!"

Kakakimbia na kumkumbatia mwanamke aliyekuwa anakuja, amevaa koti la kijivu, mkoba begani. Dada yangu amekonda. Amekuwa mtu mzima. Alikibeba kitoto kile kama mtu aliyekibeba mara nyingi, akambusu Kausar shavuni, akamwambia neno, kisha akakishusha na kuja moja kwa moja tulipo.

Nami nikaelewa, na kuelewa kwenyewe kulikuwa kama kuonja kitu kilichooza. Baba alikuwa amemsamehe. Alikuwa anakula nyumbani kwake, anacheka naye, miaka nenda rudi, huku kule Bhakkar Mama amekatazwa hata kulitamka jina lake. Na marufuku ile aliiacha palepale, kwa sababu Tehmina akirudi nyumbani siri ya Kausar itarudi naye.

Baba alikuwa wa kwanza kusema. "Wewe! Tulikubaliana!"

"Tulikubaliana nisimwambie Kausar," Tehmina akasema. "Sijamwambia. Anajua mimi ni mtoto wako wa pekee wa ndoa ya kwanza, na mama yangu ni marehemu. Kaka yangu hukumtaja kwenye mkataba."

"Umenitega!"

"Kila Jumapili ukiwa Lahore uko hapa, Baba. Hapana mtu aliyekutega. Umeonekana tu."

Akanigeukia. Nilikuwa na matapishi kwenye shali.

"Kaka."

"Tehmina," nikasema.

"Nilitaka umwone kwa macho yako. Ili siku nyingine akikwambia fulani kavunja heshima ya nyumba, ucheke." Alinishika kiwiko. "Ule mlango nimeshausamehe. Ulikuwa unatii. Nilikuwa nasikia pumzi zako nyuma ya ubao, ulijua? Nilijua unalia."

Sikuwa nalia. Nilikuwa nahema tu kwa kazi ya kurusha nguo. Sikumwambia.

"Twende nyumbani," nikasema. "Uje umwone Mama."

Mkono wake ukaniachia.

"Huyo usinitajie."

"Tehmina..."

"Wewe nimekusamehe. Baba, ndivyo alivyo, nimemzoea. Lakini Mama?" Akaanza kuhesabu kwa vidole. "Nilimwandikia barua tatu. Ya kwanza kumwomba radhi. Ya pili kumwambia nina mimba. Ya tatu nilimwambia mtoto amezaliwa na hakuishi hata siku mbili, nikamwomba aje siku moja tu, anishike kichwa, kisha arudi. Siku moja. Baba aliniambia alizisoma zote akazichana. Alisema hana binti."

Simba walikuwa wanaletewa nyama. Watu walipiga miluzi. Mimi sikusikia kitu.

Hakuishi hata siku mbili. Nilikuwa nimeushika mkononi ule ujumbe. Nakumbuka hata bahasha: ya rangi ya samawati, pembe moja imelowa. Nilikuta moto unafifia, nikaitia, ukawaka vizuri, nikaota mikono.

Shagufta alikuwa ananitazama. Alikuwa ananipa nafasi. Nilijua kwamba katika maisha yangu yote mke wangu hajanipa kitu kikubwa kama zile nukta chache alizonyamaza.

Baba naye alikuwa ananitazama.

Nilichotakiwa kusema kilikuwa na maneno matatu: si Mama, mimi. Mtoto wa darasa la kwanza angeyatamka.

Nikafungua mdomo.

"Mama," nikasema, "alikuwa na hasira sana siku zile."

Ndiyo. Niliyasema hayo. Nimeyaandika hapa kama nilivyoyasema, msije mkadhani mmesoma vibaya.

Dada yangu akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyethibitishiwa ugonjwa. Na Baba, kwa nafuu aliyoipata, kwa kuona bado tuko pamoja mimi na yeye, alinishika bega kwa ule mkono wenye pete akalibana.

"Umesikia, binti? Mwanangu hasemi uongo."

"Mwanao?"

Kausar alikuwa amefika na sahani ya machungwa yaliyomenywa, kitoto kimeshika upindo wa nguo yake. Alimtazama Baba. Akanitazama mimi, kidevu, pua, paji la uso, akarudi kwa Baba.

"Mwanao yupi, Mwalimu? Si umesema mwanafunzi?"

Baba akautoa mkono wake begani mwangu.

"Wifi," Shagufta akasema. "Nawe dada Kausar. Ketini hapo kwenye ukingo. Kuna mambo mawili mmedanganywa, mmoja hili na mmoja lile, na nitayasema yote mawili kabla mwanamume yeyote wa familia hii hajafungua tena mdomo."

Nikamshika mkono ili anyamaze. "Mama Faraz, nakuomba."

Aliutazama mkono wangu kwanza. Aliutazama kama mtu anavyotazama kitu cha utelezi kilichomgusa ndani ya maji, asichotaka kujua ni nini. Kisha akautoa kwa vidole viwili, akajifuta kwenye mtandio, na akaanza kusema.